Jenerali Estienne, baba wa vifaru ambaye nchi yake ilimsikiliza nusu tu

Vifaru ambavyo wakaaji wa Goma waliviona vikipanda barabara ya Kibumba mwaka 2013 vilikuwa vya asili ya Kisovieti. Lakini ukikumbuka umbo lake utakumbuka mambo matatu: dereva amekaa mbele, injini iko nyuma, na juu kuna kichwa cha chuma chenye mzinga kinachozunguka kila upande. Umbo hilo halikuanzia Moscow. Lilianzia karibu na Paris, katika kiwanda cha magari cha Renault, kati ya mwaka 1916 na 1917, kwa sababu ya ofisa mmoja wa mizinga aliyekuwa amesumbua wakubwa wake kwa miezi mingi.

Ofisa huyo ni Jean-Baptiste Eugène Estienne. Wafaransa wanamwita baba wa vifaru. Jeshi lao lilipokea mashine zake na likashinda nazo vita ya kwanza ya dunia. Fikra zake juu ya namna ya kuzitumia, hizo liliziweka pembeni. Tofauti kati ya mambo hayo mawili iliigharimu Ufaransa sana, miaka minne baada ya yeye kuzikwa.

Mtu wa hesabu

Estienne alizaliwa tarehe 7 Novemba 1860 huko Condé-en-Barrois, kijiji cha jimbo la Meuse, mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa hajatimiza miaka 10 Wajerumani walipoingia upande huo katika vita ya 1870. Shuleni alikuwa hodari wa hesabu kupita wenzake, akaingia École polytechnique ya Paris, na alipotoka akachagua kuwa ofisa wa mizinga.

Zamani zile mpiga mzinga alipiga kile alichokiona kwa macho yake. Estienne alitaka kupiga kitu kilichojificha nyuma ya kilima, akitumia vyombo vya kupima pembe, waya wa simu na hesabu. Mwaka 1909, ndege zikiwa bado ni vyombo vya mbao na kitambaa, alipewa kazi huko Vincennes ya kutafuta namna ndege zinavyoweza kusaidia mizinga. Wakubwa wengi wa jeshi waliona ndege ni mchezo wa matajiri. Yeye aliona jicho lililopanda juu.

Vita ilipoanza mwezi wa 8 mwaka 1914 alikuwa kanali, mkubwa wa rejimenti ya 22 ya mizinga, na alikuwa na ndege za kumwelekeza. Huko Charleroi, Ubelgiji, aliona askari wa miguu wa Ufaransa wakikimbia mbele uwanjani na rashasha za Wajerumani zikiwafyeka kama majani. Inasimuliwa kwamba siku hizo aliwaambia maofisa wake kuwa ushindi utakuwa wa yule atakayetangulia kuweka mzinga wa milimita 75 juu ya gari linaloweza kupita ardhi ya aina yoyote. Rejimenti yake ilikuwa ndani ya divisheni ya 6, ambayo wiki chache baadaye ilipewa mkubwa mpya aliyeitwa Philippe Pétain. Jina hilo tutalikuta tena.

Barua kwa Joffre

Mwishoni mwa 1914 vita ilisimama. Kila upande ulichimba mahandaki, mbele yake ukatandika nyaya za miiba, nyuma yake ukapanga rashasha. Aliyetoka kushambulia alikufa. Mizinga ilipiga siku nzima, wiki nzima, lakini ilichimba mashimo tu, na katika mashimo hayo askari walizama kwenye matope.

Estienne aliona trakta za Kimarekani za Holt, ambazo Waingereza walizitumia kuvuta mizinga mizito. Hazikuwa na magurudumu ya kawaida bali minyororo ya chuma, na zilipita mahali farasi aliposhindwa. Tarehe 1 Desemba 1915 alimwandikia Jenerali Joffre, mkubwa wa majeshi yote ya Ufaransa. Alipendekeza mashine ya chuma ya minyororo, yenye rashasha na mzinga mdogo, inayovuka mahandaki, na nyuma yake inavuta kibanda cha chuma chenye askari 20. Joffre alikubali asikilizwe, na kabla mwezi huo haujaisha Estienne alikutana na Eugène Brillié, mhandisi wa kampuni ya Schneider ambaye naye alikuwa akijaribu trakta hizo hizo. Baada ya vita watu waligombana sana kuhusu nani alitangulia kufikiri nini. Ukweli ni kwamba walikuwa wengi, pamoja na mbunge Jules-Louis Breton aliyekuwa akitafuta mashine ya kukata nyaya za miiba. Lakini aliyeweza kufungua mlango wa Joffre ni Estienne.

Mwezi wa 2 mwaka 1916 serikali iliagiza vifaru 400 kwa Schneider. Na hapo siasa za maofisi zikaingia. Idara ya magari ya jeshi, chini ya Jenerali Mourret, haikupenda kazi ipite bila yake. Bila kumwuliza Estienne, iliagiza vifaru vingine 400 vya aina nyingine kabisa kwa kampuni ya Saint-Chamond. Kifaru cha Schneider kilikuwa na uzito wa tani 13 na zaidi, mzinga wake mfupi wa milimita 75 ukiwa upande wa kulia. Kile cha Saint-Chamond kilifikia tani 23, kina mzinga mrefu mbele na injini ya mafuta inayozalisha umeme wa kusukuma minyororo. Kwenye karatasi kilikuwa kizuri. Lakini mwili wake ulitokeza mbele ya minyororo kama pua, na kila kilipofika kwenye handaki pua iliingia udongoni na kifaru kikakwama.

Katikati ya 1916 Estienne alikwenda Lincoln, Uingereza, kwa sababu Waingereza nao walikuwa wakitengeneza vifaru vyao kwa siri. Ufaransa iliwaomba wasivitoe kwanza, wangoje vya Ufaransa viwe tayari ili adui ashtukizwe mara moja kwa vifaru vingi. Waingereza hawakungoja. Tarehe 15 Septemba 1916 walitoa vyao vichache huko Flers, kwenye mto Somme. Wajerumani walishtuka siku hiyo, kisha wakaanza kupanua mahandaki yao.

Mwisho wa mwezi huo Estienne akapewa kikosi chake. Kiliitwa Artillerie spéciale, jina lililoficha kazi yake. Kambi kubwa ya mazoezi ilikuwa Champlieu, pembeni ya msitu wa Compiègne. Askari walitoka kila mahali: wapiga mizinga, wapanda farasi waliokosa kazi, mabaharia, madereva.

Moto wa Berry-au-Bac

Siku ya kwanza ya kikosi hicho vitani ilikuwa mbaya. Tarehe 16 Aprili 1917 Jenerali Nivelle alianzisha shambulio kubwa la Chemin des Dames, na vifaru vya Schneider vipatavyo 130 vilitumwa upande wa Berry-au-Bac. Kundi kubwa liliongozwa na Louis Bossut, ofisa wa farasi aliyejulikana Ufaransa nzima kwa mashindano ya mbio za farasi. Mpango huo haukumpendeza, lakini alikwenda, tena katika kifaru cha kwanza.

Vifaru vilitembea mchana kweupe, kimoja nyuma ya kingine kama msafara wa harusi, huku wapiga mizinga wa Kijerumani wakiwatazama kutoka vilimani. Tangi la mafuta la Schneider lilikuwa mbele, karibu na dereva. Kombora likiingia, watu waliokuwa ndani waliungua. Bossut alikufa hivyo, ndani ya kifaru kilichoitwa Trompe-la-Mort, maana yake mdanganya kifo. Vile vilivyofika kwenye mistari ya Wajerumani vilijikuta peke yao, kwani askari wa miguu waliotakiwa kufuata walikuwa wamelala chini ya rashasha. Jioni zaidi ya nusu ya vifaru ilikuwa imepotea.

Wengi walidhani Artillerie spéciale imekwisha siku hiyo. Iliokolewa na mambo mawili. Nivelle aliondolewa, na mwezi wa 5 nafasi yake ikachukuliwa na Pétain, aliyemfahamu Estienne tangu 1914. Pétain alikuta jeshi limechoka, rejimenti zikikataa kushambulia. Sera yake ikawa ni kuacha mashambulio makubwa na kungojea Wamarekani na vifaru. Jambo la pili lilikuwa tayari kiwandani.

Nyuki badala ya tembo

Estienne alikuwa amejifunza kitu huko Lincoln. Waingereza wanatengeneza vifaru vizito. Basi Ufaransa itengeneze vyepesi, na vingi. Kifaru kikubwa kimoja ni shabaha kubwa moja. Vidogo 20 vikitoka msituni pamoja kama kundi la nyuki, mpiga mzinga hajui apige kipi.

Alikuwa amemwendea Louis Renault tangu mwisho wa 1915, na Renault alikataa. Viwanda vyake vilijaa kazi na minyororo hakuijua. Mwezi wa 7 mwaka 1916 walikutana tena katika hoteli moja ya Paris, na safari hii Renault alikubali. Alipenda wazo la kitu kidogo ambacho kiwanda cha magari kinaweza kukitoa kwa maelfu. Mourret alipinga: kidogo mno, chepesi mno, hakina maana. Bila Joffre, na baadaye Pétain, kuendelea kusukuma, kingebaki mfano wa mbao.

Hicho ndicho Renault FT. Uzito wake ulikuwa tani 6 na nusu, watu wawili tu ndani. Dereva alikaa mbele. Nyuma yake mkubwa wa kifaru alikuwa katika mnara mdogo wa chuma unaozunguka, akiwa na rashasha ya Hotchkiss au mzinga wa milimita 37. Injini ilitengwa nyuma kwa ukuta wa chuma, na baada ya Berry-au-Bac kila askari alielewa faida ya ukuta huo. Nyuma kulikuwa na mkia wa kukizuia kisipinduke kikivuka handaki. Mwendo wake haukufikia kilomita 10 kwa saa, na kelele zilikuwa kubwa hata mkubwa alimwongoza dereva kwa miguu: teke begani, geuka, teke mgongoni, nenda. Zaidi ya 3,000 vilitengenezwa, Renault akisaidiwa na viwanda vingine kama Berliet. Wajerumani kwa upande wao walitengeneza vifaru vya A7V kama 20 tu katika vita ile yote.

Tarehe 31 Mei 1918, Wajerumani wakikaribia Paris tena, vifaru vya FT viliingia vitani mara ya kwanza pembeni ya msitu wa Retz. Tarehe 18 Julai, kutoka msitu huo huo, Jenerali Mangin alishambulia asubuhi bila kupiga mizinga kwanza. Upande wake na wa jirani yake kulikuwa na karibu vifaru 500, vya Schneider, vya Saint-Chamond na vya Renault. Wajerumani walianza kurudi nyuma, na hawakusonga mbele tena hadi mwisho wa vita. Mwezi wa 9 Wamarekani waliingia vitani huko Saint-Mihiel na vifaru hivyo hivyo vya FT, wakiongozwa na ofisa kijana aliyeitwa George Patton.

Baada ya hapo FT ilizunguka dunia. Poland, Japani, China, Brazili na Hispania zilikuwa nayo. Wamarekani, Waitalia na Wasovieti walitengeneza ya kwao kwa kuiga. Ubelgiji, iliyotawala hapa kwetu wakati huo, ilinunua kadhaa. Hata Kabul, Afghanistan, Wamarekani walizikuta mabovu mwaka 2003.

Kazi ya pili, iliyokataliwa

Kama hadithi ingeishia 1918 ingekuwa ya kawaida. Lakini Estienne hakuona kifaru kama fimbo ya kumsaidia askari wa miguu kutembea. Aliona aina mpya ya jeshi. Mwezi wa 2 mwaka 1920, katika mhadhara Paris, aliwaeleza wasikilizaji wake juu ya jeshi la watu 100,000 lenye vifaru 4,000 na malori 8,000, linaloweza kuhama kilomita 80 kwa usiku mmoja pamoja na silaha na vyakula vyake. Mwaka uliofuata alihubiri mambo hayo Brussels. Askari wa wakati ule alitembea kilomita 30 kwa siku akiwa amebeba mzigo mgongoni. Hebu msomaji afikirie hao watu wakisikia kilomita 80, tena usiku.

Jibu la serikali lilikuja mwaka huo huo wa 1920. Vifaru viliwekwa chini ya askari wa miguu. Kazi yao ikawa kufuata mwendo wa mtu anayetembea. Sababu zilikuwepo, na tusiwadharau waliozitoa: nchi ilikuwa imepoteza karibu watu milioni moja na nusu, fedha hazikuwepo, maghala yalijaa vifaru vya FT ambavyo hakuna mtu alitaka kuvitupa. Ushindi nao ni mwalimu mbaya, na Ufaransa ilikuwa imeshinda.

Estienne alibaki mkaguzi wa vifaru katika miaka iliyofuata. Mwaka 1921 alianzisha mpango wa kifaru kikubwa cha mapigano, kilichokuja kuitwa Char B. Kilichukua zaidi ya miaka 10 kutoka kwenye karatasi hadi jeshini. Wakati huo wapenda ukubwa walipewa Char 2C cha tani 69 chenye watu 12 ndani, kikatengenezwa 10 tu.

Alipoona jeshi halina haraka, aligeukia jangwa. Yeye aliongoza kampuni ya Transsaharienne, na wanawe Georges na René walitafuta njia za magari katika Sahara. Georges alikuwa katika safari ya magari ya minyororo ya Citroën iliyovuka Sahara hadi Timbuktu mwanzoni mwa 1923, kisha akafungua njia ya Tanezrouft, jangwa lisilo hata kisima. René aliuawa pembeni ya Sahara mwaka 1927. Wazee wa Uele huenda walisikia habari za magari ya namna hiyo kutoka kwa wazazi wao: safari nyingine ya Citroën, ile ya 1924 na 1925, ilipita kaskazini-mashariki ya Kongo kuelekea Kampala.

Mwezi wa 10 mwaka 1935 Ujerumani ya Hitler iliunda divisheni tatu za vifaru, zikiwa na malori, mizinga na radio zake, kama Estienne alivyokuwa ameeleza. Ufaransa, mwaka huo, askari wake wa farasi walikuwa wameunda divisheni moja ya namna hiyo. Kanali mmoja aliyeitwa de Gaulle aliandika kitabu kuhusu jambo hilo na hakusikilizwa zaidi ya mzee. Estienne alifariki Paris tarehe 2 Aprili 1936, akiwa na miaka 75 na nishani ya juu kabisa ya Légion d'honneur.

Tarehe 13 Mei 1940 askari wa Jenerali Guderian waliuvuka mto Meuse huko Sedan, mto uliolipa jina jimbo alikozaliwa Estienne. Si kweli kwamba Ufaransa ilikosa vifaru. Kwa hesabu haikuwa nyuma ya Ujerumani, na Char B ilikuwa na chuma ambacho mizinga mingi ya Wajerumani haikuweza kukitoboa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa imegawanywa kidogo kidogo kwa askari wa miguu, na divisheni kamili za vifaru vizito zilianza kuundwa mwezi wa 1 mwaka huo. Vingi havikuwa na radio.

Na kuna jambo ambalo wanaomsifu Estienne hawapendi kulisema. Vifaru vingi vya Ufaransa vya 1940 bado vilikuwa na mnara wa mtu mmoja, kama FT. Mtu huyo alitafuta adui, akajaza mzinga, akapiga, akaongoza dereva, na kama alikuwa mkubwa wa kundi akaongoza na wenzake. Mjerumani katika vifaru vyake vikubwa alikuwa na watu watatu kwa kazi hiyo. Vifaru vingi vya Renault R35 vilibeba hata mzinga ule ule wa milimita 37 wa mwaka 1918. Mamia ya FT zenyewe yalirudishwa vitani, na zile Char 2C zililipuliwa na Wafaransa wenyewe juu ya treni iliyokwama njiani. Jeshi lilishika chombo cha mzee hadi kikachakaa, na fikra zake zikachukuliwa na adui.

Tarehe 22 Juni 1940 Ufaransa, chini ya Pétain, ilitia sahihi kushindwa kwake katika msitu wa Compiègne, si mbali na Champlieu.

Jumba la makumbusho la vifaru huko Saumur, magharibi mwa Ufaransa, lina jina la Jenerali Estienne. Ndani yake kuna kifaru cha Schneider cha mwisho kilichobaki duniani, na FT ambayo bado inawashwa siku za maonyesho.